Mtuulize Kabla ya Kuukata Mkate: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kenya

Kwa Mheshimiwa Rais, kwa viongozi wa vyama vilivyomo serikalini na vilivyo nje, kwa Mwenyekiti na makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), na kwa wabunge wote.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, mingi yake huku Bonde la Ufa, na katika uchaguzi wa Desemba 27, 2007 nilikuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura katika darasa lile lile nililokuwa nikifundishia hesabu. Kabila langu sitalitaja. Nimechoka nalo kutangulia jina langu kila ninapofungua mdomo kuhusu uchaguzi.

Nawaandikia kuhusu desturi ya viongozi kugawana serikali baada ya uchaguzi bila kutuuliza sisi wapiga kura, na nimeanza kuifikiria kwa sababu ya swali nililoulizwa na mtoto mwaka 2009. Nilikuwa nimeandika ubaoni ngazi za serikali yetu ya wakati ule: Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu. Kitabu cha darasa la saba hakikuwa na Waziri Mkuu, kwa kuwa kiliandikwa kabla ya mkataba wa 2008 uliowaweka Rais Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga katika serikali moja, kwa hiyo nikawa naeleza cheo hicho kimetoka wapi. Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, 2007 nani alishinda?" Nikamjibu kwamba viongozi walikubaliana kufanya kazi pamoja ili nchi itulie. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Hiyo najua, mwalimu. Nauliza nani alishinda."

Darasa lilinyamaza. Kila mtoto pale alikuwa na jibu alilolisikia nyumbani, na majibu yale yalikuwa mawili, na watoto wenye majibu hayo walikuwa wamekaa dawati moja.

Ngoja niwarudishe kidogo kwenye usiku wa kuhesabu, maana hoja yangu yote imo mle. Tulihesabu kwa karabai na tochi za mawakala. Tuliunganisha madawati ya watoto tukamwaga kura juu yake, nikawa nainua karatasi moja moja ili mawakala wa vyama vyote waione alama, ndipo naita jina. Wakala mmoja alizibishia kura tatu. Tukaziangalia upya, tukakubaliana kwamba mbili zimeharibika na moja ni halali. Ilipokaribia saa tisa za usiku nikajaza Fomu 16A, ile ya matokeo ya kituo, mawakala wakatia sahihi, kila mmoja akachukua nakala yake. Mmoja wao alikuwa na chupa ya chai na mkate. Tukaumega tukala wote, waliopata na waliokosa. Nilitoka nje kunawa uso nikawasikia wakicheka.

Waheshimiwa, katika darasa lile kila mtu alijua nani amepata ngapi. Aliyeshindwa alishindwa mbele ya macho yake, kwa hiyo hakuwa na la kunung'unikia. Aliyeshindwa asipoona ndiye hukaa na donge.

Yaliyofuata yako kwenye kumbukumbu za taifa. Siku tatu za kungoja, mawakala wakizozana pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi ambako kura za nchi nzima zilijumlishwa, matokeo ya maeneo mengine yakichelewa bila maelezo. Jumapili ya Desemba 30 mwenyekiti wa tume ya wakati huo, marehemu Samuel Kivuitu, akatangaza: Rais Mwai Kibaki kura 4,584,721, Raila Odinga wa upinzani kura 4,352,993. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Jioni hiyo hiyo, giza likiingia, Rais akaapishwa Ikulu. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe akawaambia wanahabari kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Mwalimu akisoma majina ya waliofaulu mtihani kisha akasema hajui kama walifaulu, mzazi atafanya nini na ile ripoti?

Nchi ikawaka. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa Januari 1 watu wakiwa ndani, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Naivasha familia zilichomewa nyumbani. Kisumu vijana walipigwa risasi na waliokula kiapo cha kuwalinda. Kibera reli iling'olewa, na malori yalipokwama njiani kutoka Mombasa, mafuta yakaadimika mpaka Kampala na Kigali. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu waliouawa 1,133, na kati yao 405 waliuawa kwa risasi. Waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Mimi na mke wangu tulikuwa miongoni mwao. Tulifika uwanja wa maonyesho wa Nakuru na begi moja, vyeti vyangu, na daftari la alama za darasa la nane ambalo hata sijui kwa nini nililibeba.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba siijui thamani ya mkataba wa Februari 28, 2008. Naijua kuliko wengi waliousimulia baadaye. Ilikuwa Alhamisi. Redio ya betri ilikuwa imening'inizwa kwenye mti wa hema, nasi tumeizunguka. Tulisikia kwamba Kibaki na Raila wametia sahihi pale Harambee House, mbele ya mpatanishi Kofi Annan na Rais Kikwete wa Tanzania aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Akina mama walipiga vigelegele. Mzee mmoja alilia, wa kabila ambalo watu wangetarajia achukie habari ile. Mwalimu mwenzangu alinipigia simu kutoka Kisumu, akaiinua hewani nisikie watu wanavyoimba barabarani. Kesho yake matatu ambazo hazikuwa zimepita barabara ya Eldoret kwa majuma zilianza kuita abiria.

Furaha ile ilikuwa ya kweli, na atakayesema Wakenya waliupinga mkataba siku ile atakuwa anasema uongo. Ila palepale chini ya mti, vigelegele vilipotulia, mama mmoja aliyekuwa akichuja uji aliuliza bila kuinua kichwa: "Na sisi tunarudi lini?" Hakuna aliyemjibu. Redio ilikuwa imeshahamia kwenye habari za nani atapata wizara gani.

Mazungumzo ya wizara yalichukua wiki sita. Mwanzoni mwa Aprili yalikwama, vijana wakarudi barabarani Kibera. Kisha Jumapili ya Aprili 13 likatangazwa baraza la mawaziri 40, na juu yao mawaziri wasaidizi wengi kuwazidi mawaziri wenyewe. Hapo ndipo niliposikia sauti za watu zikibadilika. Dukani, kwenye matatu, kwenye foleni ya maji, kila mtu alikuwa na neno. Wengine walisema afadhali wale pamoja kuliko tufe pamoja. Wengine waliuliza mshahara wa mawaziri 40 unatoka wapi na bei ya unga inapanda. Na ndipo lilipoenea jina ambalo mpaka leo hatujaliacha: serikali ya nusu mkate.

Sijui kama mnalisikia jina hilo jinsi sisi tunavyolisikia. Mkate wa dukani ni gramu 400. Asiyeweza kuununua wote humwambia mwenye duka amkatie, naye huukata katikati kwa kisu na kuufunga tena kwa karatasi yake. Hiyo ndiyo nusu mkate. Ni kiamshakinywa cha nyumba yenye watoto watano na mwezi uliofika katikati. Watu walipoiita serikali hivyo walimaanisha mambo mawili kwa pamoja, na mabaraza ya wachambuzi yalisikia moja tu. La kwanza, kwamba kila upande umepata nusu ya ulichodai. La pili, lenye uchungu zaidi, ni kwamba mkate ule ulinunuliwa kwa pesa zetu, tena ukakatwa sisi hatupo.

Na kila upande uliona umeibiwa. Hili nawaomba mlifikirie sana, kwa sababu ndilo tatizo la kila serikali ya kugawana inayokuja baada ya kura isiyoeleweka. Aliyeamini Kibaki alishinda alijiuliza: kama tulishinda, kwa nini tumpe mtu nusu? Aliyeamini Raila alishinda alijiuliza: kama tulishinda, kwa nini tupewe nusu tu? Hakuna aliyesema tumeshindwa kwa haki. Mkataba ulituliza mikono ya watu, mioyo ikabaki na hukumu zake mbili, na wazazi wakawarithisha watoto. Ndiyo maana lile swali lilinikuta darasani mwaka mmoja baadaye.

Nilitafuta jibu. Tume ya Jaji Kriegler kutoka Afrika Kusini, iliyouchunguza uchaguzi ule, ilikuwa imetoa ripoti yake Septemba 2008, nami nikayarudia magazeti nikaisoma mstari kwa mstari. Ilisema uchaguzi ule ulivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Iligundua makosa ya kujumlisha na kunakili fomu, vituo vilivyokuwa na wapiga kura kupita kiasi cha kuaminika, na sajili yenye marehemu wanaokadiriwa kufika milioni 1.2. Ikasema uovu ulifanywa na pande zote kule ambako kila upande ulikuwa na nguvu. Basi nikarudi darasani nikamwambia yule msichana ukweli: haijulikani, na haitajulikana kamwe. Akaniuliza tena, "Sasa walipiga kura za nini?"

Sitaki kuidhulumu serikali ya muungano. Bila mkataba ule hatungepata Kriegler wala Waki. Tume ya zamani ya uchaguzi isingevunjwa Desemba 2008, na sidhani kama tungeipata Katiba tuliyoipitisha Agosti 4, 2010 kwa zaidi ya asilimia 66. Katiba hiyo ndiyo iliyoweka kikomo cha mawaziri 22, na ninaamini wananchi walikuwa wakiwakumbuka wale 40. Ndiyo inayosema Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura na robo katika kaunti zaidi ya nusu, na ikishindikana turudi debeni ndani ya siku 30. Yaani tuliandika wenyewe kwamba uchaguzi usiopata mshindi humalizwa na wapiga kura, wala haumalizwi hotelini. Lakini muungano ule ule ulishindwa kuhukumu. Bunge lilikataa mahakama maalum ya kuwahukumu wahusika wa ghasia Februari 2009, kesi za The Hague zikaporomoka moja baada ya nyingine, na kwa vifo 1,133 hakuna kigogo hata mmoja aliyetiwa hatiani. Waliokuwa na kesi ya kujibu na waliotakiwa kuwauliza walikuwa wameketi meza moja.

Sasa tazameni jambo ambalo mwalimu wa hesabu hawezi kuliacha. Mwaka 2007 tofauti iliyotangazwa kati ya mgombea wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 231,728. Mwaka 2022 William Ruto alipata 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Toeni. Ni kura 233,211. Tofauti ni karibu ile ile, wapiga kura wakiwa wengi zaidi, na makamishna wanne kati ya saba wa IEBC wakajitenga na matokeo hadharani. Kwa mazoea yetu nchi ilipaswa kuwaka tena.

Haikuwaka vile. Maandamano ya 2023 yalikuja baadaye na watu walikufa, silifichi hilo, lakini Agosti ile majirani hawakuchomeana nyumba. Sababu mtatoa nyingi. Mimi ninayo moja niliyoiona kwa macho: IEBC ilikuwa imeweka Fomu 34A, fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000, mtandaoni, wazi kwa yeyote. Mwanangu alikaa na simu yake usiku, akafungua kituo chetu, akanionyesha tarakimu zile zile zilizobandikwa mlangoni pa shule. Vijana nchi nzima walikuwa wakijumlisha wenyewe. Walionuna walinuna, wakaenda Mahakama ya Juu, ikaamua Septemba 5. Yale ya darasa langu la 2007, mtu kushindwa mbele ya macho yake, yalifika karibu kila kituo cha nchi.

Kwa hiyo, Mwenyekiti na makamishna wa IEBC, nyinyi mnaoshika karatasi hizo, naomba mlinde jambo hilo moja kama mboni ya jicho. Msilipunguze kwa kisingizio cha gharama wala cha mitambo. Fomu ibandikwe mlangoni usiku ule ule, iwekwe mtandaoni ikiwa na sahihi zake, na msimamizi wa kituo alipwe vizuri na alindwe, kwa sababu amani ya nchi inaanzia kwenye kalamu yake. Naijua kalamu hiyo. Ilinitetemeka mkononi.

Lakini kuhesabu vizuri hakutoshi ikiwa tukishahesabu mtakutana faragha na kugawana upya. Na hapa sasa nazungumza nanyi viongozi wa vyama, kwa heshima zote. Lililokuwa dawa ya dharura mwaka 2008 mmeligeuza chakula cha kila siku. Machi 9, 2018 mlituletea handisheki, Rais Uhuru Kenyatta na Raila wakishikana mikono. Tulikuwa tumetoka kwenye uchaguzi uliofutwa na Mahakama ya Juu, marudio yaliyosusiwa, na kiapo cha Raila cha kuwa "rais wa wananchi" pale Uhuru Park. Tuliamka asubuhi, tukaenda kazini, jioni tukaambiwa uhasama umekwisha. Tulishukuru, kama kawaida yetu. Kilichozaliwa na mkono ule kikawa BBI, mpango wa kubadilisha Katiba na kuongeza vyeo, na ni majaji waliousimamisha mara tatu mpaka Machi 2022.

Mwaka 2024 ukawa wa uchungu kuliko yote. Vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha bila chama, bila kiongozi, bila kabila, jambo ambalo mimi katika umri wangu sikuwahi kuliota. Juni 25 walifika mpaka Bunge, na makumi yao hawakurudi nyumbani wiki zile. Mheshimiwa Rais, uliuondoa mswada, na Julai 11 ukavunja baraza la mawaziri. Tulidhani swali la vijana linajibiwa. Kisha orodha mpya ikatoka, na ndani yake walikuwamo vigogo wa ODM, chama cha Raila: John Mbadi Hazina, Hassan Joho Madini, Opiyo Wandayi Kawi, Wycliffe Oparanya Ushirika. Tukaambiwa hiyo si serikali ya muungano, ni serikali jumuishi, na chama kimetoa wataalamu tu. Makubaliano ya mambo kumi kati ya Rais na Raila yalitiwa sahihi pale KICC Machi 7, 2025, miezi saba baada ya viti kukaliwa.

Niliwasikiliza watu wakati ule kama nilivyowasikiliza 2008, na safari hii hakukuwa na vigelegele. Aliyepigia kura Azimio, muungano wa Raila, aliuliza, "Mimi nilimchagua awe upinzani, nani amemhamisha?" Aliyepigia Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, aliuliza, "Mimi niliamka saa kumi alfajiri kupanga foleni ili hawa wasiingie, wameingiaje?" Na kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa amerudi kutoka Nairobi na mkono uliofungwa bendeji, aliniuliza swali ambalo lilinirudisha darasani: "Mwalimu, sisi tulisema tumechoka na kodi. Wao wakasikia nafasi za kazi?"

Najua mtanijibu kwamba kiongozi akiona nchi inaelekea shimoni ana wajibu wa kunyoosha mkono. Marehemu Raila Odinga alilisema hilo mara nyingi, na Oktoba 15, 2025 alipofariki nililia kama nilivyomlilia baba yangu, ingawa si kila mara nilimpigia kura. Kunyoosha mkono sikatai. Nasema tu kwamba kura mliyopewa na mtu ni amana, nayo amana haipelekwi kwa mtu mwingine kabla ya kumuuliza mwenyewe.

Wenzetu Wazanzibari walikuwa na vidonda vya uchaguzi vya zamani kuliko vyetu. Tofauti ya kura za urais mwaka 1995 ilikuwa chini ya nusu asilimia, na Januari 2001 damu ilimwagika Pemba. Novemba 2009 Rais Amani Karume na mpinzani wake Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, wakapatana. Wangeweza kugawana wizara wiki ile ile. Badala yake waliwapelekea wananchi kura ya maoni Julai 31, 2010, miezi mitatu kabla ya uchaguzi: mnataka serikali ya umoja wa kitaifa au hamtaki? Asilimia 66.4 walisema wanataka. Oktoba mgombea wa kwanza akapata asilimia 50.1 na wa pili 49.1, na Unguja na Pemba zikalala usingizi, kwa sababu kila aliyepanga foleni alijua kabla ya kupiga kura kwamba wa pili naye atakuwamo. Tena tujifunze na sehemu ya pili ya hadithi hiyo: uchaguzi wa 2015 ulipofutwa kura zikiwa zimeshahesabiwa, umoja wenyewe ulivunjika. Wananchi kuulizwa na kura kuhesabiwa ni mafiga ya chungu kimoja.

Basi ninachowaomba ni hiki. Kama mnakusudia kutawala pamoja baada ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027, semeni sasa. Andikeni nani na nani, kwa mambo gani, kwa muda gani, kwa Kiswahili ambacho mama yangu wa miaka themanini anaweza kusomewa, na mbandike kwenye ofisi ya chifu kama mnavyobandika mabango ya kampeni. Tupige kura tukijua. Na ikitokea dharura ya kweli, ile ya nyumba kuwaka, ambayo namwomba Mungu atuepushe nayo, gawaneni mzime moto, lakini mkataba uwe na tarehe ya mwisho na mtuletee tuuamue. Mwaka 2008 hatukuwahi kuulizwa, wala 2018, wala 2024.

Na nyinyi wabunge, nani anabaki kuuliza maswali? ODM, chama kinachotoa Waziri wa Fedha, ndicho hicho hicho kinachoongoza upande wa wachache katika Bunge la Taifa. Darasani watoto wakimaliza zoezi la hesabu hubadilishana madaftari ndipo wasahihishe. Sijawahi kumwachia mtoto asahihishe daftari lake, hata yule mwaminifu kuliko wote, na hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza kwa nini. Chama kilichoingia serikalini kiache uongozi wa upinzani na wa kamati za kukagua pesa, kiwaachie waliobaki nje hata wakiwa wachache. Mwananchi asiyeona mtu wa kumsemea Bungeni atatafuta barabara. Tuliona.

Kuna deni la zamani pia, na sitalipita kwa sababu naishi nalo. Baada ya mkataba ilikuja Operesheni Rudi Nyumbani, familia zikapangiwa Sh10,000 za kuanzia maisha na Sh25,000 kwa nyumba iliyochomwa. Wengi walioishi kwa jamaa badala ya kambini hawakuhesabiwa kabisa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Mei 2013, nayo bado inangoja kutekelezwa. Machi 2015 Bunge liliahidiwa hazina ya Sh10 bilioni ya kuwafidia waathiriwa. Yule mama wa uji alifariki 2016 katika nyumba ya kupanga, hajarudi kwao. Na sasa foleni ile imeongezwa familia za vijana wa 2024. Mheshimiwa Rais, kila nchi hii ikigawana viti, viti hupatikana haraka sana. Safari hii tunaomba uanze na foleni hiyo.

Yule msichana wa darasa la saba sasa ni mama wa watoto wawili na anafanya kazi Nairobi. Bado hunipigia simu sikukuu zikifika. Mwaka jana aliniambia hana hakika kama atapiga kura tena, na sikuwa na neno la kumshawishi, mimi niliyemfundisha kwamba kura ni haki. Tuliagana vibaya kidogo.

Agosti 10, 2027, Mungu akinijalia uzima, nitakuwa nje ya lango la shule yetu na kiti changu na chupa ya chai. Sitakuwa msimamizi, miaka imekwenda. Nitangoja mpaka wamalize kuhesabu, hata ikifika saa tisa za usiku, na fomu ikibandikwa mlangoni nitaipiga picha nimtumie. Asubuhi yake atanipigia kuniuliza kama tarakimu zile zimefika Nairobi zikiwa vilevile, na kama bado zina maana yoyote.

Wenu katika kujenga taifa,

Mwalimu mstaafu,
Nakuru